Sauti Ina Mahali: Sikio, Hedifoni na Ngano za Migwani

Wahenga walisema kwamba sikio halipiti kichwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mdogo asijipandishe juu ya mkubwa wake, na kwa matumizi hayo haihitaji ufafanuzi zaidi. Hata hivyo, katika makala haya ningependa kuichukua jinsi ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu ndani yake mna ukweli wa kimaumbile ambao umenishughulisha tangu nianze kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili. Sikio halipiti kichwa, na kwa kuwa halikipiti, kila sauti itokayo upande mmoja hulazimika kukizunguka kichwa kabla ya kulifikia sikio la upande wa pili. Katika mzunguko huo mfupi ndimo unamozaliwa ujuzi wetu wa mahali: kujua kwamba mbuzi yuko kushoto, kwamba gari linakuja kwa nyuma, kwamba aliyeitika ni yule aliyeketi karibu na mlango.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na elimu ya sauti, ambayo ni mali ya wanafizikia na mafundi. Jawabu langu ni kwamba fasihi simulizi, kabla haijawa matini, huwa ni sauti. Na sauti, kama nitakavyojaribu kuonyesha, haikamiliki pasipo mahali. Nililifikia wazo hili kwa njia ambayo sikuitarajia, nayo ni hedifoni za kuchezea michezo ya video katika soko la Migwani, Kaunti ya Kitui.

Tuanze na jambo tulijualo vyema. Kiswahili hakimruhusu msemaji kutaja mahali kwa uvivu. Ngeli ya PA-KU-MU humdai achague. Mahali panapodhihirika, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, ni pale. Eneo pana au mwelekeo usio na mipaka ni kule. Ndani ya kitu ni mle. Anayesema "pale panalia kitu", "kule kunalia kitu" na "mle mnalia kitu" ametoa taarifa tatu tofauti, na msikilizaji atazigeukia kwa namna tatu tofauti. Kikamba, ambacho ndicho lugha ya mama ya watu wa Migwani, nacho kina vandu na kundu, ndugu wa karibu wa pa na ku yetu.

Naona kwamba ngeli hii ni chombo kizuri cha kuelezea tatizo ambalo mafundi wa sauti wamehangaika nalo kwa zaidi ya karne moja. Sauti ya spika iliyowekwa chumbani huwa pale au kule. Sauti ya hedifoni za kawaida huwa humu: ndani ya kichwa cha msikilizaji, mahali fulani kati ya sikio na sikio. Watengenezaji wa hedifoni za michezo huahidi kwamba wanaweza kuitoa sauti humu na kuiweka pale, kule, nyuma, hata juu, ilhali spika zenyewe hazijabanduka masikioni. Ujuzi huo nitauita sauti ya mzingo pepe. Ni ya mzingo kwa kuwa humzingira msikilizaji pande zote. Ni pepe kwa kuwa chanzo chake hakipo pale kinaposikika. Sidai kwamba pepe ya barua pepe ina asili moja na pepo, lakini msemaji wa Kiswahili hawezi kukosa kusikia ujirani wa maneno hayo, na kwa sauti isiyo na mwili ujirani huo unafaa.

Ili kuelewa namna sikio linavyodanganywa, yafaa tuelewe kwanza namna linavyojua. Tumchukue mchungaji katika vichaka vya Migwani, ambako miti ya miiba huzuia macho yasione mbali. Mbuzi mwenye kengele shingoni amepotea upande wa kushoto. Mlio wa kengele husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha hukizunguka kichwa na kulifikia la kulia. Sekunde moja ikikatwa vipande 100,000, uchelewaji huo, hata unapokuwa mkubwa kabisa, ni kama vipande 65 tu. Ajabu ni kwamba ubongo wa binadamu huweza kutambua uchelewaji wa takriban kipande kimoja, na ndiyo maana mtu mwenye masikio mazima aweza kutenga sauti mbili zilizo mbele yake hata zikiwa zimeachana kwa kama digrii moja.

Kidokezo cha pili ni nguvu ya sauti. Mawimbi ya sauti nene ni marefu. Wimbi linalotetema mara 100 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita tatu, na kichwa cha mtu mbele yake ni kama jiwe dogo mbele ya mafuriko, hupitwa bila kuzuia kitu. Mawimbi ya sauti nyembamba ni mafupi, mengine hayazidi sentimita chache, na hayo hukingwa na kichwa. Hivyo sikio la upande wa pili hukaa katika kivuli cha sauti jinsi mtu akaavyo katika kivuli cha mbuyu. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mwaka 1907 kwamba sikio hutegemea tofauti ya wakati kwa sauti nene na tofauti ya nguvu kwa sauti nyembamba, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa taaluma hii.

Lakini vidokezo hivyo viwili havitoshi. Kengele iliyo mbele kabisa na kengele iliyo nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Hali kadhalika ile iliyo juu mtini. Hapa ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofanya kazi. Sauti huingia katika mabonde na matuta ya sikio, baadhi ya mawimbi yake hugongana na kufutana, mengine huongezeka, na muundo wa kufutana huko hubadilika kulingana na mahali sauti ilikotoka. Ubongo umejifunza tangu utotoni kuusoma muundo huo. Na unapotatizika, shingo huusaidia: mchungaji husimama, hugeuza kichwa kidogo, husikiliza tena. Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba mageuzo hayo madogo ya kichwa humwezesha msikilizaji kutofautisha mbele na nyuma. Wachungaji, bila shaka, walikuwa wameligundua hilo zamani.

Sasa tuvae hedifoni. Wazo la kumpelekea msikilizaji sauti mbili, moja kwa kila sikio, si geni. Katika maonyesho ya umeme ya Paris ya mwaka 1881, Clément Ader aliweka vinasa sauti kushoto na kulia kwa jukwaa la jumba la opera, akaviunganisha kwa nyaya za simu. Wageni walishika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, wakawasikia waimbaji wakihama upande hadi upande. Hata hivyo, hedifoni huondoa kitu muhimu. Sauti ya spika ya kushoto haifiki tena sikio la kulia, kwa maana kichwa hakizungukwi. Sikio la nje limerukwa au limefunikwa. Na ukigeuza shingo, dunia yote ya sauti hugeuka nawe. Ubongo, ukikosa ushahidi wa kwamba sauti imetoka nje, hutoa hukumu ya pekee iliyobaki: basi iko humu.

Sauti ya mzingo pepe hurudisha ushahidi huo kwa hesabu. Kwanza, mtu, au sanamu yenye kichwa na masikio ya mpira, huwekwa katika chumba kisicho na mwangwi, na vinasa sauti vidogo huwekwa kwenye matundu ya masikio. Spika hulizwa kutoka kila upande, na mabadiliko yanayofanywa na kichwa, mabega na mikunjo ya masikio hurekodiwa. Katika chuo cha MIT cha Marekani, kazi ya namna hii ilifanywa kwa sanamu iitwayo KEMAR na kutangazwa mwaka 1994, ambapo sanamu hiyo ilipimwa kwa sauti za kutoka mahali 710. Matokeo yake ni jozi za vichujio: jozi moja kwa kila mahali, kichujio kimoja kwa kila sikio. Baada ya hapo, sauti yoyote kavu ikipitishwa katika jozi ya mahali fulani, hutoka ikiwa na uchelewaji, kivuli na mikunjo ya mahali pale. Masikio hupokea kile ambacho yangepokea kama kitu chenyewe kingekuwapo.

Michezo ya video inafaidi ujuzi huu kuliko filamu, kwa kuwa mchezo hujua kila kitu kilipo. Kompyuta inayochora adui nyuma ya ukuta ndiyo hiyo hiyo inayohesabu umbali na upande wa nyayo zake. Baadhi ya hedifoni hufuata njia rahisi: mchezo hutoa sauti ya spika saba na moja ya besi, ndiyo maana ya ile 7.1 iandikwayo kwenye kasha, na programu huzipanga spika saba za kufikirika katika duara kumzunguka mchezaji. Njia nyingine, iliyo bora, ni kukipa kila kitu mchezoni kichujio cha mahali pake bila kupitia spika za kufikirika.

Binamu yangu ana chumba cha michezo sokoni Migwani, chenye kuta za matofali na paa la mabati. Wateja wake wengi ni vijana wa shule wanaolipa ili wacheze mpira kwenye skrini, lakini wapo wachache wapendao michezo ya kuwindana kwa bunduki, na kwa ajili yao alinunua hedifoni mbili katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Kasha liliahidi 7.1. Tulipofungua kikombe cha sikio kubadilisha waya uliokatika, tulikuta spika moja; katika kikombe cha pili, spika moja. Binamu yangu alicheka akasema, "Ndugu yangu, sita zimebaki Nairobi." Hakika hazikubaki popote. Zimo katika hesabu.

Alinifunga macho kwa leso, akanivisha hedifoni, akamtembeza mtu wake mchezoni huku akiniuliza nyayo ziko wapi. Kushoto na kulia sikukosea hata mara moja. Mbele na nyuma nilikuwa nabahatisha. Wateja wake wawili waliojaribu baada yangu walitofautiana: mmoja alitambua nyuma kila mara, wa pili alisikia kila kitu kana kwamba kiko juu ya utosi. Wa pili alilaumu hedifoni, lakini hedifoni zilikuwa ni zile zile. Tofauti ilikuwa katika masikio.

Hapa tumefika kwenye kiini cha ujuzi huu na pia udhaifu wake. Kichujio kilichomo katika hedifoni ni kichwa cha mtu mwingine. Anayezivaa huazima masikio ya mgeni au ya sanamu. Yakikaribiana na yake, hudanganyika vizuri, na yasipokaribiana, sauti ya mbele humrukia nyuma au hurudi humu kichwani. Watengenezaji wanalijua hilo. Mashine ya PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilimpa mchezaji aina tano za masikio achague iliyo karibu na yake, na kampuni ya Apple ilianza mwaka 2022 kumruhusu mteja apige picha masikio yake kwa simu ili kichujio kifanane naye. Hedifoni nyingine hufuatilia mageuzo ya shingo ili sauti ibaki pale ilipokuwa hata kichwa kikihama, jambo linalosaidia sana mbele isichanganyike na nyuma.

Kuna utafiti mmoja ninaoukumbuka kila ninapofikiria habari ya masikio ya kuazima. Mwaka 1998 watafiti watatu wa Uholanzi, Hofman, Van Riswick na Van Opstal, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walijazwa vipande vya plastiki katika mikunjo ya masikio, wakavivaa katika maisha yao ya kila siku. Siku ya kwanza walipoteza kabisa uwezo wa kujua kama sauti iko juu au chini. Baada ya majuma kadhaa uwezo ulirejea. Walikuwa wamejifunza kusikia kwa masikio mapya. Vipande vilipoondolewa, walisikia sawasawa kwa masikio yao ya zamani papo hapo, bila kujifunza upya. Ujuzi mpya haukuwa umefuta wa kale. Sisi tuliolelewa katika Kikamba, Kimeru au Kidholuo kisha tukapewa Kiswahili shuleni tunaweza kuuelewa utafiti huu bila mkalimani. Tuliambiwa na baadhi ya walimu kwamba lugha ya pili haitatulia mpaka ya kwanza iondoke. Sikio linakanusha.

Sitaki kuondoka katika chumba cha binamu yangu kabla ya kutaja jambo linalonitia wasiwasi. Vijana hupandisha sauti ili wasikie nyayo za adui wa mbali, na chini ya paa la mabati kila mmoja humshinda mwenzake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kelele kubwa huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazobeba habari za mikunjo ya sikio, yaani habari za mbele, nyuma na juu. Anayepandisha sauti ili ajue adui yuko wapi anakula mbegu alizokusudia kupanda.

Baada ya kuelewa hayo, nilinunua vinasa sauti viwili vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya masikio, nikaenda navyo nyumbani kwa bibi yangu, ambaye kwa Kikamba twamwita susu. Yeye ndiye mtambaji mkuu katika utafiti wangu wa ngano za Migwani. Aliugua sikio la kulia akiwa msichana, na tangu hapo sikio hilo halisikii kitu. Nilipokuwa mdogo nilidhani desturi zake mbili za usiku wa ngano ni mapambo ya utambaji. Ya kwanza ni kwamba huketi daima ukuta ukiwa kuliani kwake, ili watu wote wawe kushoto. Ya pili ni kwamba anayeitika sharti ataje jina lake kwanza. "Niambie wewe ni nani, nijue u wapi," husema. Mtoto hutaja jina, naye huelekeza uso upande ule na kuendelea. Sasa naelewa kwamba sikio moja humpa mtu maneno, humpa hata umbali, kwani sauti ya mbali huwa hafifu na hubeba mwangwi. Lisilompa kwa urahisi ni upande. Alichonyimwa na sikio, susu alikidai kwa lugha.

Kwa idhini yake na ya wazazi wa watoto, nilirekodi usiku mmoja kwa njia mbili kwa pamoja: simu mezani, iliyonasa sauti kwa mkondo mmoja, na vinasa viwili masikioni mwangu. Ngano ilikuwa ya msichana na zimwi, yenye wimbo wa kupokezana. Kulikuwa na watoto tisa, na shangazi yangu aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni.

Nilianza kunukuu kutoka kwenye simu. Sauti ya susu ilikuwa safi. Kila wimbo ulipoingia, hata hivyo, watoto, vicheko na milio ya sufuria viligeuka lundo moja, na mara nne nililazimika kuandika "kelele za hadhira" kwa kuwa sikuweza kupata neno hata moja. Kisha nikavaa hedifoni nikasikiliza rekodi ya masikio mawili. Lundo lilifumuka. Watoto walikuwa kushoto, wawili wao wakidakia kiitikio kabla susu hajamaliza mstari. Sufuria zilikuwa nyuma. Na kutoka mlangoni, kuliani kwangu, kwa sauti ya chini, shangazi alikuwa akimsahihisha mamake. Susu alisema msichana alirudi nyumbani salama. Shangazi alisema hapana, alirudi amenyamaza, na hakusema tena hadi alipozaa. Susu hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Mtoto mmoja alimsikia, akauliza, "Mbona alinyamaza?", na swali lake likamezwa na wimbo.

Jambo hili lina maelezo ya kitaaluma. Mwaka 1953 Colin Cherry, akifanya utafiti juu ya usikivu, alichunguza namna mtu anavyoweza kufuata msemaji mmoja miongoni mwa wengi wanaosema kwa pamoja. Mahali ni mojawapo ya nyenzo kuu za uwezo huo: sauti zinazotoka pande tofauti hutengana, na zikimiminwa katika mkondo mmoja hufunikana. Kwa maneno mengine, sauti ya shangazi ilikuwamo katika simu pia. Kilichokosekana ni mahali pa kumsikia kutoka. Ngano niliyoijua kuwa ya fanani mmoja na hadhira yake ilikuwa na fanani wawili waliohitilafiana juu ya mwisho wake, na katika hitilafu hiyo ndimo ilimokuwa maana yake.

Sisemi kwamba rekodi ya masikio mawili ndiyo kweli yote. Vinasa vilikuwa katika kichwa changu. Yeyote atakayeisikiliza ataketi nilipoketi, atageuka nilipogeuka, na atasikia kwa mikunjo ya masikio yangu. Hiyo ni nafsi ya usimulizi kwa maana ya kimwili kabisa, na mtafiti anayeitumia sharti aieleze kama vile aelezavyo umri na jinsia ya fanani.

Nilimvisha susu hedifoni ili asikie usiku wake mwenyewe. Alisikiliza kwa sikio la kushoto kwa muda, kisha akauliza, "Huyu binti yangu mlimfukuza?" Sauti ya shangazi, iliyokuwa kuliani, haikumfikia ila kwa mbali sana. Nikaiunganisha mikondo miwili kuwa mmoja na kuipeleka yote kushoto. Sasa aliwasikia watu wote, na hakuna aliyekuwa na mahali. Lakini kila mtoto alipotaja jina kabla ya kuitika, aliinua kidole akasema yule alikuwa pale, na yule kule, na hakukosea. Shangazi hakuwa ametaja jina. Susu alirudishiwa kipande kile mara tatu. Kisha akavua hedifoni, akaniambia nimwite binti yake waje wazungumze, na mimi nitoke.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya kurasa tunazozisoma katika somo la fasihi simulizi. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko huko Kitui, alituachia mkusanyiko wa ngano za Wakamba uliochapishwa Oxford mwaka 1966, na kizazi chetu kina deni kwake. Lakini ukurasa wowote, wake au wangu, una sikio moja. Hupokea maneno yote kutoka upande mmoja, yakifuatana mstari kwa mstari, na aliyesema kwa sauti ya chini karibu na mlango huangukia katika mabano ya kelele. Hakuna hedifoni itakayoupa ukurasa sikio la pili.

Lililobaki ni kuutendea ukurasa kama susu alivyojitendea. Wanafunzi wenzangu mnaojiandaa kwenda nyanjani, rekodini kwa mikondo miwili inapowezekana. Vinasa viwili vidogo si anasa kubwa kuliko simu tulizo nazo. Kabla ya utambaji kuanza, choreni mahali kila mtu alipoketi. Na mnaponukuu, msiridhike na neno hadhira, maana hadhira haina kinywa. Wenye vinywa ni watu, na kila mtu ana mahali. Andikeni ni nani aliyesema, na alisema kutoka pale, kule au mle. Lugha tunayoisomea ina ngeli nzima iliyotengwa kwa kazi hiyo.